Saa ya Rahu Kwenye Kompyuta Yangu

Hyderabad,
Ijumaa jioni

Mama mpenzi,

Nagusa miguu yako nikiwa huku mbali. Magoti yanaendeleaje? Na Baba, bado anatia chumvi kwenye mtindi ukimgeuzia mgongo? Mimi mzima, ila achari uliyonifungia imekwisha, na usingizi umenikimbia tangu Jumanne.

Leo ndiyo siku waliyopanga kuamua kama nibaki kazini au nirudi nyumbani. Jumanne nilikabidhiwa tovuti ya maduka ya dawa, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, niiweke kwenye kompyuta yangu na kurekebisha ukurasa wa bei kabla mteja hajaja leo. Mama, ukurasa ulinigomea. Kila dawa bei sifuri. Nikabadili mipangilio, nikazima seva, nikaiwasha, sifuri zilezile. Mwisho nikaandika jina langu juu ya ukurasa, nione tu kama kuna anayenisikia. Halikutokea.

Wenzangu wakapata mchezo. Kila aliyechukua marekebisho yangu aliniambia kwake bei zinakuja vizuri, sijui mwenzetu una mkosi gani. Bosi wetu, bwana Raghuram, akapita akauliza kama nimekuja kazini au nimekuja kula idli za bure. Nikacheka nao, kisha nikaenda chooni kulia. Dada Sirisha, kiongozi wetu, kila nikimwita ana shughuli.

Leo asubuhi nikafungua folda ambamo seva huhifadhi kurasa ilizokwisha kuzitafsiri kwa lugha ya kompyuta. Zote zilikuwa na tarehe ya Alhamisi ijayo! Sasa, seva ikiona tafsiri yake ni mpya kuliko nilichoandika, hainishughulikii. Jasho langu lote ililiona la zamani. Nikaifuta folda, nikawasha upya. Bei zikaja, na jina langu juu yake.

Nikamfuata dada Sirisha. Akainama. Akasema Jumanne bosi aliamuru mradi uwashwe palepale, alasiri, katikati ya saa ya Rahu, ile saa ya nuksi inayohama kila siku, naye dada alikuwa ameahidi kwamba sitaanza kazi saa hiyo. Basi nilipokwenda kuchukua chai, akasogeza saa ya kompyuta yangu mpaka Alhamisi ya wiki ijayo, yenye heri, akawasha mradi na kufungua kurasa zote, kisha akairudisha. Hakujua ingeniletea balaa. Alipoona nahangaika, akaogopa kusema. Nikamuuliza alimwahidi nani.

“Mama yako, mdogo wangu. Alinipigia simu akilia.”

Mama, nilikasirika. Niliikusudia barua hii iwe ya ukali. Lakini mteja akaridhika, na bwana Raghuram akaniita nitie sahihi mkataba. Nikatazama ukutani: Ijumaa, saa tano. Unajua mwenyewe hiyo ni saa ya nani. Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia tumbo linanikata, nikajifungia chooni mpaka saa sita ikapita. Ndipo nikasaini.

Baba asijue, atanicheka mwaka mzima. Na usimpigie tena dada Sirisha. Nipigie mimi, nitakwambia mwenyewe naanza saa ngapi.

Binti yako akupendaye,
Haimavati