Sweta la Kijani Kwenye Hotuba

Machi 3

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa hotuba.

Juzi tuliwaandalia chakula wafadhili wa chuo. Nikiwa mkurugenzi wa uchangishaji na uhusiano, kazi yangu ilikuwa kuwafungua mikono kwa ajili ya bweni jipya. Kazi hii ina kanuni yake: usiseme wanafunzi elfu hawana malazi, sema habari za mmoja. Nikasema habari za mdogo wangu. Jinsi alivyotolewa bwenini hapa hapa chuoni kwa kukosa ada, akawa analala kwa kujificha katika darasa namba nne, homa ya mapafu ikamuua humo peke yake. Jina sikulitaja. Nilitaja tu lile sweta la kijani lenye kifungo kimoja cheupe. Watu walilia, Baba. Bweni limepatikana, na Makamu Mkuu wa Chuo amenipa mkono mara mbili.

Najua Mama tulimwambia alifia hospitali, mikononi mwa wauguzi. Hatajua.

Binti yako

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Goti afadhali. Mengine si afadhali.

Hotuba yako ilirushwa redioni Jumapili. Mama yako alikuwa anachambua mchele; ulipofika kwenye sweta akaacha. Alilifuma yeye, na kile kifungo cheupe alikitoa kwenye gauni lake. Akaniuliza, "Miaka tisa yote ulijua?" Nikajibu nilijua. Tangu hapo ananipakulia chakula na kuondoka.

Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wake. Lakini mimi nilidanganya ili apate usingizi. Wewe ukweli umewapa wageni kabla ya mama yako, nimeumia sana. Njoo umwombe radhi uso kwa uso. Usikawie.

Baba yako

Juni 24

Baba,

Shikamoo. Mnisamehe kwa kimya. Kila wiki nilipanga kuja, na kila wiki ulikuja ugeni mwingine. Nimekosa, najua, na naona aibu hata kuandika.

Ila nina la kumfariji Mama. Bweni litapewa jina la mdogo wangu. Darasa namba nne tumelibomoa mwezi uliopita, na msingi unaanzia pale pale. Makamu Mkuu anaomba Mama ndiye aweke jiwe la msingi. Nitatuma gari. Mpiga picha nitamwambia asimsumbue.

Binti yako

Julai 2

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Mama yako alishafika huko. Ilikuwa Aprili, alipochoka kukungoja. Mimi aliniaga kwamba anakwenda kwa dada yake. Mapokezi walimuuliza kama ana miadi, akasema hana. Mfagiaji mmoja ndiye aliyempeleka darasani. Alikaa sakafuni mpaka adhuhuri. Alipotoka akakukuta uani na wageni, unawaonyesha dirisha la darasa hilo. Alikuwa amesimama kwenye njia yenu. Ukamwambia, "Samahani mama, tupishe kidogo," huku unawatazama wao.

Alipisha, akarudi nyumbani. Hayo kanieleza jana, nilipomsomea barua yako.

Kuhusu jiwe la msingi, amesema mtafute mama mwingine.

Baba yako