Chai Niliyoletewa na Mashine

Jumamosi, Agosti 1998. Chepseon.

Nimefika asubuhi kutoka chuoni anakosoma Chebet, na mpaka sasa sijavua suti. Mvua ya mawe inapiga paa. Majani chai yatakuwa yamechanika yote, lakini sina nguvu ya kwenda kuangalia.

Jana walikuwa na semina ya roboti, yaani mashine za kuwatumikia watu nyumbani na hospitalini. Wazazi tulialikwa. Chebet ndiye mtoto wangu wa pekee. Mama yake tulimzika mwaka jana.

Yeye na wenzake wameunda kitoroli cha betri. Kinafuata mstari mweusi sakafuni, na kikikuta mtu mbele kinasimama ili kisimgonge. Mwalimu wao alisema kubeba vitu si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kutembea katikati ya watu, kwa sababu hujui mtu atafanya nini.

Basi kikatumwa kuniletea kikombe cha chai.

Kwetu mtu akija amebeba kitu, humngoji ukiwa umekaa. Unainuka, unamwendea, unampokea. Sikufikiria hata. Niliinuka nikakiendea, nacho kikasimama. Nikarudi nyuma kukipisha, kikaja. Nikanyoosha mikono yote miwili, kikasimama ghafla na chai ikamwagika.

"Mzee, kaa tu!" mwalimu akasema. "Itakuja yenyewe!"

"Mwache, wanasalimiana kwanza!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Mimi pia nilicheka. Chebet hakucheka. Alinitazama vile alivyokuwa akimtazama mama yake hospitalini, siku zile mama alipokuwa akipuliza maji baridi akidhani ni chai.

Baadaye tulikaa kwenye nyasi nje ya ukumbi. Akaniambia amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea mashine hizi, miaka minne, na wanataka jibu Jumatatu.

"Lakini sitaki, Baba. Utabaki na nani?"

Nilitaka kumwambia asiende. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Niliwaza kwamba mtoto wangu atakuwa huko akitengeneza kitu cha kumpelekea maji mzee wa watu wengine, na mimi niko hapa na jiko hili. Si wazo zuri. Lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Na mgongo wako?" akauliza. "Nani atakama ng'ombe?"

"Mama Akinyi," nikasema. "Anakuja kila asubuhi. Siku zingine hata ugali ananipikia."

Chebet akacheka kidogo. "Na ule mdomo wake?"

"Ni ule ule. Hata redio siwashi siku hizi. Wewe nenda."

Alilia, kisha akakubali.

Mama Akinyi, jirani yetu, alihama Juni, mume wake alipoachishwa kazi kwenye mashamba makubwa ya chai. Walirudi kwao upande wa ziwa. Mlango wao una kufuli na nyasi zimefika kwenye dirisha. Chebet hajakuja nyumbani tangu Pasaka, kwa hivyo hajui.

Atakuja kuniaga kabla ya kusafiri. Najua kitu cha kwanza atakachosema ni twende tukamsalimie Mama Akinyi.

Nitamwambia nini?