Binti wa Kwanza wa Honora

Holyoke, Massachusetts
3 Septemba 1984

Kwako kaka yangu Malachy,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado anapumua na bado anapanda ngazi zake mwenyewe, ijapokuwa goti la kushoto linanuna kila mvua ikikaribia. Natumaini wewe na Rosaleen hamjambo, na kwamba kile kikohozi chako cha Julai kimekuacha. Mwambie wifi mbegu za maua alizoniletea zimeota zote, hata zile alizosema ni za zamani mno.

Baada ya salamu, nimeona nikuandikie kabla ya Jumapili ya tarehe 16, siku ya kuzindua jiwe la kaburi la babu na bibi. Kwenye simu huwa unanikatiza. Barua huwezi kuikatiza, labda uichane, na nakujua, utaisoma kwanza.

Unakumbuka kwamba ni wewe uliyenituma. Ulisema, Dympna, wewe umestaafu, huna mume wa kumpikia, hebu nenda pale kwenye nyumba ya kumbukumbu za zamani ukatuletee tarehe sahihi za kuchonga. Nikaenda. Yule mama wa mapokezi, Ghislaine Pelletier, alinifundisha kufunga ukanda wa filamu, wenye picha za daftari za sensa, kwenye mashine na kuuzungusha polepole nisije nikatapika. Siku tatu nilisoma majina ya watu wa mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, kwa mwandiko wa karani aliyekuwa na haraka.

Siku ya nne nikawapata. Sensa ya 1900. Bartholomew Scanlan, mkuu wa nyumba, fundi wa kinu cha karatasi. Honora, mke. Chini yao watoto sita, baba yetu wa mwisho, ana miaka sita. Na chini ya baba, mstari wa mwisho kabisa: Delia Tuohy, miaka ishirini na miwili, mtumishi.

Hilo halikunishtua. Delia tulimjua sote, alitulea. Kilichonishtua ni safu mbili ndogo mbele ya jina la bibi. Mwaka ule karani aliuliza kila mama amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Bibi alijibu: wanane, saba wako hai. Nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. Thomas mdogo alikufa, huyo tunamjua. Sita wapo. Wa saba yuko wapi?

Ndipo nilipokupigia simu. Wewe ukacheka ukasema makarani wa zamani walikuwa walevi, waliandika chochote ili wawahi chakula cha mchana. Nikakwambia huyu hakuwa mlevi, mistari yake imenyooka. Ukakasirika. Ukasema, "Dympna, achana na wafu! Watu wa chama cha Waairishi wanakuja na bendi, padri anakuja, halafu wewe unataka kuwaletea nini? Umbea wa jikoni?"

Sikuachana nao. Sensa ya 1890 iliungua moto, kwa hiyo nikarudi hadi ya 1880 kulitafuta jina la Tuohy, na humo nikamkuta bibi kabla hajawa Scanlan. Honora Tuohy, mpangaji, hana mume, anachambua matambara ya kutengenezea karatasi kinuni. Na mstari unaofuata: Bridget, miaka miwili, binti. Karani wa mwaka ule aliandika binti, kaka. Na Bridget kwa sisi Waairishi nyumbani huitwa nani, kama si Delia?

Ghislaine alinikuta nimeshika kichwa. Akaniuliza nimefiwa? Nikamweleza. Akasema, "Mama, wenzako wote hapa wanatafuta mfalme. Wewe peke yako ndiwe unayetafuta mtumishi. Ngoja nikuletee meli."

Akaniletea orodha za abiria waliotoka Queenstown, kule Ireland, kuja Boston. Ilinichukua siku mbili. Aprili 1879, daraja la chini: Honora Tuohy, miaka ishirini, mtumishi, na Bridget, miezi minane. Hakuna mwanamume kabla yao wala baada yao. Msichana wa miaka ishirini alivuka bahari ile na mtoto kifuani, pengine kwao walikwisha kumfungia mlango. Wewe kila mwaka kwenye karamu ya chama husimulia jinsi babu alivyokuja na shilingi moja na ngumi mbili. Kaka, bibi alikuja na mtoto. Nani kati yao alikuwa shujaa?

Kisha akaolewa. Siwezi kujua babu alimwambia nini, lakini najua kilichotokea: binti wa 1880 akawa mtumishi wa 1900. Alipika, akafua, akawabeba wadogo zake mgongoni, nao wakafundishwa kumwita Delia tu. Wazee walipokufa, baba yetu akamrithi pamoja na meza na saa ya ukutani, akamweka chumba cha darini. Unakumbuka wimbo ambao wewe ulitufundisha? "Delia wa jivu, Delia wa ndoo, lete maji tunywe, urudi jikoni!" Naye alikuwa anatabasamu, anatukatia mkate wa magadi ungali wa moto, ananikatia mimi kipande cha pembeni kwa sababu alijua ninapenda ukoko.

Sasa nisikilize vizuri. Kila kisanduku cha filamu pale kina kadi, na kila anayekitumia huandika jina lake na tarehe. Nilipokuwa narudisha ukanda wa ile meli nikaisoma kadi. Juu ya jina langu kulikuwa na jina moja tu: M. J. Scanlan, 12 Mei 1981. Ile S yako iliyopinda kama ndoana naijua tangu ukiwa shule.

Ulijua. Miaka mitatu na zaidi. Hakuna mtu anayekwenda kwenye meli ile bila kulijua kwanza jina la Tuohy. Ulimwona shangazi yako akiwa na miezi minane, ukamrudisha kwenye kisanduku, ukarudi nyumbani kula. Halafu ukanituma mimi kutafuta tarehe, ukidhani nitaishia kwenye tarehe.

Nilitaka kukutukana, na karatasi ya kwanza ya barua hii niliitupa motoni. Lakini sina haki ya kukuhukumu peke yako, na hili sijawahi kumwambia mtu. Mwaka 1941 Delia alipolazwa hospitali ya masista, mama alinituma nimpelekee gauni la kulalia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na jioni ile kulikuwa na dansi. Alinishika mkono akasema, "Dympna, niite shangazi. Mara moja tu. Hakuna anayesikia." Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Delia, homa imekupanda," nikamnyooshea blanketi, nikakimbilia dansi yangu. Alhamisi akafa. Wakamzika kwenye safu ya parokia ya wasio na jamaa, kando ya uzio, kigingi chenye namba badala ya jina.

Kwa hiyo mimi siwezi kusema sikujua. Niliambiwa na mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya sensa yoyote.

Basi nimefanya hivi, na sikuombi ruhusa. Ijumaa nilikwenda kwa mzee Quirk mchonga mawe, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa hadi alipomaliza. Chini ya jina la bibi pameandikwa: BRIDGET DELIA TUOHY, 1878–1941, BINTI WA KWANZA WA HONORA. Keshokutwa wanamhamisha kutoka kando ya uzio. Padri ametia sahihi. Fomu iliuliza uhusiano wangu na marehemu, nami nikaandika kwa wino: mtoto wa kaka yake.

Ukitaka kuyafuta maandishi yale, njoo na patasi yako mwenyewe, mchana, watu wakiona. Ukitaka kuwaambia watu wa chama wasije, waambie, na bendi wabaki nayo. Mimi nitakuwepo hata kama tutakuwa wawili, mimi na Ghislaine, ambaye amekwisha kusema atakuja na kofia mpya. Na ukija, kaka, ukavua kofia yako ukamwita anavyostahili kuitwa, nitasimama karibu yako na sitasema neno moja kuhusu ile kadi. Lakini tutamwita kwa sauti, wote wasikie.

Nisalimie Rosaleen, nisalimie wanao na wajukuu, mbusu yule mdogo mwenye meno mawili. Kunywa dawa yako ya koo na ufunge skafu, upepo umeanza kugeuka huku.

Ni mimi, dada yako, mpole kwa yote isipokuwa hili,

Dympna Scanlan