Kiazi na Majani ya Klara

Malindi, Lushoto
14 Julai 2024

Mgosi wangu Nasoo,

Shikamoo kaka. Habari za Songea, kikohozi kimekuacha? Huku wazima, ila baridi ya mwezi huu usiulize. Mama mguu umetulia, jana kapanda mwenyewe mpaka shambani.

Sasa kaka, yule kobe uliyeniachia. Kiazi. Gamba lake lililegea, ukibonyeza kwa kidole linaingia kama ganda la papai. Na nilimlisha kuliko watu! Moyo wa saladi, kabichi changa, karoti nimemenya kabisa. Nikamweka kwenye boksi kando ya jiko apate joto. Nimekuja kusoma kwenye simu mpaka bando likaisha, kumbe kobe anataka madini ya kalsiamu, halafu alale juani ndiyo yamwingie mifupani. Mimi nimemficha jua miezi mitatu.

Lakini aliyejua kabla yangu ni Klara, binti wa jirani Tobia. Unajua magugu nikipalilia nawarushia mbuzi wao upande wa pili wa uzio. Kiazi akawa anatoroka boksini, anapenya chini ya uzio kila asubuhi, akirudi saladi haigusi. Siku moja nikamfuata. Nikamkuta Klara kachuchumaa juani, anamlisha mchunga, yale magugu machungu, kiganjani, kaunyunyizia maganda ya mayai aliyoyatwanga. Mchunga niliong'oa mimi!

Akaniambia bila hata kusimama, "Saumu, unamlisha kama bwana harusi. Huyu ni kobe."

Niliungua moyo kaka, sikufichi. Nikambeba nikaondoka naye. Nikaokota maganda ya mayai kwa wauza chipsi, nikatwanga, nikamlaza juani, mchunga ule ule. Ananigeuzia shingo. Anakwenda kukwaruza uzio. Nikaziba tundu kwa mawe, leo siku ya sita hajala kitu.

Asubuhi hii Klara kaja, kaweka majani upande wake. Kiazi akanyoosha shingo mpaka nikaona aibu mimi. Klara akasema taratibu, "Mfungulie tu, jioni nitamrudisha."

Mama anasema mnyama hana mwenyewe, ana anayemfaa. Rahisi kusema. Gamba lilianza kukaza akiwa kule, hilo naliona kwa macho yangu. Ila nikifungua tundu najua jioni moja hatarudi, na atamwita Klara mamake. Wewe uliniambia mimi nimtunze, si Klara.

Nisalimie shemeji Husna na umbusu Sharifu mdogo shavuni. Fatuma wa Magamba kajifungua wa kike, anakusalimu. Mungu awafunike huko mliko.

Nimekaa hapa karibu na uzio, Klara naye kakaa kwake. Kaka, ungekuwa wewe, ungeyatoa mawe?

Mdogo wako anayekupenda hata akinuna,
Saumu