Stata Inayosema "Ta"

Baba watoto,

Usinunue betri ya gari! Betri ni nzima. ~~Chakula jipikie mwenyewe.~~ Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe tu. Mvua ikianza, anua nguo.

Asubuhi ulisikia "ta" moja ukasema, "Betri imekufa, hospitali mtaenda siku nyingine," ukaenda zako kazini. Iliniuma, maana unajua mama yako alivyoisubiri leo afunguliwe bandeji ya jicho. Halafu nikajiuliza: kama betri imekufa, mbona taa zinawaka vizuri? Nikapiga honi, ikalia mpaka jirani akachungulia dirishani.

Nikaweka gia huru, mama akakaa kwenye usukani azungushe ufunguo, mimi nikainamia injini. "Ta," kisha kimya, na taa hazikufifia hata kidogo.

Mama akasema, "Sauti inatoka huko chini, mwanangu. Stata inataka kuizungusha injini iwake, ila umeme hauifikii."

Nikaupapasa ule waya mnene unaoingia kwenye stata. Unacheza kama jino linalotaka kung'oka! Nikachomoa kwanza waya wa betri, nikasugua kutu kwa msasa, nikakaza nati, nikaurudisha wa betri. Safari hii injini ikanguruma. Hivi ile nati mara ya mwisho aliikaza nani? Nauliza tu.

Nilitaka kunawa, mama akakataa katakata: "Twende hivyo hivyo. Wakinifungua jicho, nataka kukuona na hiyo grisi usoni."

Basi, tumeondoka.

Mkeo