Kompyuta Haiolewi

Chang'ombe, Dodoma
Jumatatu asubuhi

Dada yangu Felista,

Bwana Elias wa Chang'ombe, Dodoma, anasikitika kutangaza kifo cha kiti chake cha plastiki cha bluu, kilichotokea Ijumaa dukani kwake baada ya kukaliwa muda mrefu bila huruma. Habari ziwafikie stuli ya jikoni, benchi la wateja, na ndugu wote wa marehemu popote walipo. Mazishi yamekwisha kufanyika nyuma ya duka, karibu na pipa la taka.

Kama umecheka hata kidogo, shikamoo dada. Kama hujacheka, shikamoo vilevile. Najua bado umekasirika. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Simu uliikata kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Barua ukitaka kuichana, tafadhali ichane ukishafika mwisho.

Mguu wako unaendeleaje? Mama anakula? Na kahawa ya kule bondeni, ile iliyopigwa na mvua, ilishika au ilidondoka yote? Sisi huku tu wazima. Mama Neema ana mafua, lakini sauti ya kunisema haijapungua. Mimi nimechoka tu, dada. Nimechoka mgongo, macho na hata vidole, kama mtu aliyelima, na sijalima chochote.

Unajua duka langu: fotokopi, picha za paspoti, kuchapa barua za watu. Siku hizi natengeneza na tovuti, maana mjini ukikaa na kazi moja utakula hewa. Sasa kuna kikundi cha wakulima wa zabibu kule Hombolo. Mwenyekiti wao ni Mama Yudita, Mgogo wa hapahapa, mama mmoja mpole mwenye ulimi wa wembe. Walitaka ukurasa ambao mteja aliye Arusha au Iringa atajaza jina lake na idadi ya makreti, kisha oda iwafikie wao moja kwa moja. Nikasema hiyo kazi ndogo. Wakachapisha kadi zenye anwani ya tovuti na kuzigawa kila mahali. Zabibu zikaiva. Tovuti ikagoma.

Nikueleze kwa lugha ya kwetu. Ukurasa ule una faili lenye maagizo: pokea jina, hesabu makreti, peleka oda. Hiyo ndiyo skripti. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa inafanya kazi kama mtoto mtiifu. Lakini tovuti haikai kwangu, inakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni tunayopanga kwao chumba. Na huko kila faili lina ruhusa zake: nani anaruhusiwa kulisoma, nani kulibadilisha, nani kuliendesha. Kuna ruhusa za mwenye mali, za kikundi chake, na za watu wote wapitao njiani. Mimi nililipeleka faili bila kulipa ruhusa ya kuendeshwa. Mteja akibonyeza kitufe cha oda, anaambiwa haruhusiwi.

Hapo hata sikuogopa. Nikasema kumbe tatizo ni ruhusa? Ruhusa ninazo! Nikampa kila mtu kila kitu. Mwenye mali asome, abadilishe, aendeshe, kikundi hivyohivyo, mpita njia hivyohivyo. Dada, wewe unajua tulivyolelewa. Mgeni akisimama uani, Mama haulizi katoka wapi, anauliza kama amekula. Na mimi nikaikaribisha dunia nzima.

Seva ikakataa zaidi. Sasa haikusema tena kwamba mtu haruhusiwi, ikasema tu kuna hitilafu ya ndani. Nikafikiri labda sijakaribisha vya kutosha. Nikafungua na folda lenye lile faili. Kisha folda lililobeba lile folda.

Jumatano Mama Yudita akaingia na kichala cha zabibu mkononi.

"Mbukwa, fundi! Mlango umefunguka?"

"Unafunguka mama, bado kidogo."

"Hicho kidogo chako kina urefu gani? Onja hii."

Nikaonja. Tamu mno, ile tamu ya kukaribia kuharibika.

"Umesikia?" akasema. "Mvua ikinyesha tena zinapasuka. Wateja wanampigia mwanangu wanasema ukurasa wenu umekufa. Kama umekushinda, sema tu, hatukuli."

"Haujanishinda."

"Haya. Mimi sina neno. Zabibu ndizo zenye neno."

Nikawaandikia watu wa kampuni ya seva. Na hapa ucheke, maana Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini. Niliandika kama ninavyokuandikia wewe: nikawasalimu, nikauliza hali za familia zao, nikawaeleza hali ya hewa ya Dodoma na historia ya zabibu. Tatizo lenyewe nililiweka mwishoni, kama inavyotakiwa kwa mtu mwenye adabu. Wakajibu mstari mmoja: tafadhali eleza tatizo. Nikaandika upya, bila salamu, na roho ikiniuma.

Muda wote huo begi langu lilikuwa tayari limefungwa, limesimama mlangoni. Suti imepigwa pasi. Nilijua vizuri ninachotakiwa kufanya: Ijumaa alfajiri nipande basi la Songea, Jumamosi nimshike mwanao Anjela mkono nimwingize kanisani, kwa kuwa baba yake hayupo na mjomba ni mmoja tu. Aliniomba mwenyewe, Krismasi, tukiwa tunamenya viazi. Sijasahau.

Alhamisi jioni Mama Neema alinisimamia kichwani.

"Baba Neema, nenda kwenu."

"Zabibu za watu zitaoza."

"Zabibu zitakuwepo na msimu ujao. Kompyuta haiolewi. Anjela anaolewa."

Nikamwambia nitaondoka ukurasa ukifunguka tu. Ijumaa alfajiri basi likaondoka, mimi nimekaa. Saa chache baadaye nikaegemea nyuma kwa hasira, na kiti kikafariki kama nilivyotangaza.

Nisalimie Mama, umwambie mwanawe ananenepa, hata viti ni mashahidi. Msalimie mkwe wetu mpya, bwana harusi, ambaye bado hajajua ameingia ukoo gani. Msalimie katekista, na binamu yetu fundi seremala, nikija nitahitaji kiti cha mbao. Huyu anayekuletea barua, jirani yangu anayerudi Songea, amebeba na kreti moja la zabibu. Ni la Anjela. Asigawe hovyo.

Sasa dada, kabla sijafunga bahasha. Kwenye simu nilianza kukwambia mtandao wa Dodoma ulikatika, ndipo ukakata. Ulifanya vizuri, kwa sababu mtandao ulikuwa mzima.

Ilikuwa hivi. Kampuni walinijibu Alhamisi mchana, begi likiwa mlangoni na tiketi mfukoni. Waliandika kwamba faili ambalo kila mpita njia anaweza kulibadilisha, seva yao haithubutu kuliendesha, kwa hiyo nipunguze ruhusa: mwenye mali abaki na zote, wengine wasome na kuendesha tu. Folda nalo hivyohivyo. Nilisoma nikaona wananidharau. Mimi nafungua, wao wanasema funga? Nikaona hawajanielewa, nikaendelea kufungua. Na Mama Neema sikumwonyesha jibu lile.

Jumamosi asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye stuli, sikuwa na kitu kingine cha kufungua. Kilichobaki ambacho sijajaribu ni kutii. Nikapunguza, kama walivyosema. Ukurasa ukafunguka kabla chai haijapoa, na oda ya kwanza ikaingia kutoka Iringa. Mama Yudita alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaitoa sikioni.

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa ya misa. Nimesikia kwamba ulivua kandambili, ukavaa viatu vyangu nilivyoviacha Krismasi, maana mguu wako uliovimba haukuingia kwenye vyako, ukamwingiza Anjela wewe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Elias