Sabuni Zinazojigeuza Zenyewe

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mjukuu wangu Spana,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na hao unaokaa nao chumba kimoja. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unalala na dirisha wazi kama mtu asiye na bibi? Mimi nipo. Goti linanisumbua, macho yanachagua cha kuona, lakini mdomo ni mzima, utausikia hapa chini. Shule sikukaa sana, kwa hiyo usinihesabie makosa. Soma ulichoandikiwa.

Mama yako haumwi, ila hatulii. Akiamka anapanga vikombe, vishikio vyote vitazame upande mmoja. Akimaliza, viatu. Jana alinigeuza mimi na kiti changu, nikiwa nimekikalia. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si sabuni." Hakucheka.

Sababu ni mashine. Kazi yake unaijua: sabuni zinakuja kwenye mkanda ovyo ovyo, nyingine kifudifudi, nyingine ubavu, naye na wenzake wanazigeuza chapa ikae juu kabla hazijafungwa karatasi. Sasa umeletwa mkanda unaozigeuza wenyewe. Alinionyesha mezani kwa vipande vya sabuni na sindano zangu za kufumia. Njia inabanwa, sabuni zinapita moja moja. Iliyokaa ubavu inapigwa kikumbo na ukingo, inalala. Iliyolala kifudifudi, jicho la mashine linaiona, inapulizwa upepo, inadondoka kwenye sinia na kurudi mwanzo ijaribu tena. Haitukanwi. Inarudishwa tu.

Nikasema ukoo wa baba yako ungefaa kupitishwa humo. Akanijibu, "Mama, wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kupulizwa." Hapo alicheka kidogo, kisha akarudi kwenye vikombe vyake.

Msimamizi amempa hadi Ijumaa aseme: ajifunze kuiangalia hiyo mashine na kuirekebisha ikikwama, au aage wenzake. Na wewe, fundi mzima wa mashine, ulimwambia nini kwenye simu? "Mama, pumzika tu, umri umekwenda." Spana, nani alikutuma? Najua ulitaka kumhurumia. Yeye amesikia kwamba hata mwanawe anamwona hafai. Neno lako limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, chakula hakishuki.

Angekuwa anataka kupumzika ningemtandikia kitanda mwenyewe. Lakini Jumapili nilimkuta ameinamisha sikio kwenye cherehani yangu, anazungusha gurudumu polepole, anasikiliza. Aliponiona akajifanya anafuta vumbi. Anayetaka kupumzika hasikilizi cherehani.

Usiniambie nimwambie mimi. Nikisema kulia atakwenda kushoto, tumeishi hivyo tangu anaota meno. Wewe ndiye anayekusikiliza, ndiyo maana umemuumiza. Barua hii anakuletea jirani yetu dereva wa lori, anaondoka mchana huu, kesho utakuwa nayo. Mpigie kabla ya Ijumaa. Usimpe pole. Muulize mashine ile inakwama wapi, halafu funga mdomo umsikilize mpaka achoke mwenyewe.

Mimi pia sikai. Naandika mstari, nainuka kuchungulia kama anarudi, nakaa tena. Akinikuta na kalamu atajua tu.

Dada yako muuguzi anakusalimu, anasema shati lako amelivaa na harudishi. Mjomba wako Kimya naye anakusalimu, yaani alitikisa kichwa.

Jambo la mwisho. Picha zote za pale kabatini mama yako amezigeuza zitazame ukumbini. Yako peke yake inatazama mlango, ule unaoingilia ukija. Niliigeuza ifanane na wenzake. Nilipokwenda uani na kurudi, ilikuwa inatazama mlango tena. Nimeiacha.

Mungu akulinde macho na mikono, na ulimi zaidi.

Wako akupendaye hata akikukaripia,
Bibi yako.